Kanda Niliyoifuta Kibokoni

Riziki, na ninyi wenzake wa studio ya Tudor, siku mliyoniaga mlikata keki, mkanitupia leso mabegani, mkaniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu ya kazi. "Mambo ya zamani, Mzee Kazungu, yatusaidie na sisi." Nadhani mlitaka vichekesho. Vipo, ila vichache. Nimekaa hapa nyumbani Majengo wiki ya tatu sasa, sina saa ya kuingia wala ya kutoka, na kila nikishika kalamu kinachonijia ni kisa kimoja ambacho nilikuwa sijamwambia mtu. Nitaanzia mwanzo nifike huko taratibu. Atakayechoka njiani namruhusu arudi kwenye simu yake.

Niliingia duka la Fundi Omari, Kibokoni, nikiwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha ufundi wa redio mfukoni na Kiswahili cha Kaloleni mdomoni. Mgiriama, Mkristo, sijui kutofautisha udi na fidla. Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu. Mbele kaunta na rafu za kanda mpaka darini, nyuma meza yenye deki sita zilizounganishwa kwa nyaya. Fundi Omari alirekodi taarabu za harusi na za vikundi vya mjini. Ile kanda ya kwanza kabisa tuliiita kanda mama. Deki moja ilimpiga mama, tano zikanakili watoto. Mteja aliondoka na mtoto, mama hakutoka dukani.

Siku ya kwanza sikupewa bisibisi. Nilipewa kijiti, pamba na spiriti, nikaambiwa nisafishe vichwa vya deki zote sita. Hewa ya chumvi ya Mombasa haina huruma na chuma, na kichwa kichafu humfanya mwimbaji asikike kama amefunikwa mto. Nilipomaliza, Fundi Omari aliniwekea kanda moja, akanivisha vifaa vya masikioni, akaniacha hapo siku tatu. Siku ya tatu aliniuliza, "Huyu mwimbaji, ubeti wa kwanza amevuta pumzi mara ngapi?"

Nikasema sijui.

"Basi hujasikia kitu, weye Mgiriama. Sikiza tena. Sikio ndilo fundi, deki ni punda tu."

Alikuwa mtu mkavu, mwenye kisukari na hasira fupi, na hakuna aliyenifundisha kazi zaidi yake. Nimefanya kazi na watu wenye shahada za sauti wasiojua nusu ya aliyoyajua kwa kugusa kanda na ukucha.

Duka lilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilihusu vumbi. Kanda mama isiyoulizwa na mtu ilikaa rafuni, na Fundi Omari alipoweza kuandika jina lake kwa kidole juu ya ganda, kanda hiyo iliteremshwa. Mgongoni kanda ina vijino viwili vya plastiki, ukivivunja hairekodiki tena. Sisi tuliziba matundu ya vijino kwa seloteepu tukarekodi kitu kipya juu ya kile cha zamani. Kanda nzuri zilikuwa adimu, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu. Sheria ya pili ilihusu uzi. Kanda iliyofungwa uzi mwekundu ilikuwa amana ya mtu. Hainakiliwi, haiuzwi, haifutwi, hata vumbi lake likiota majani.

Kazi yangu ya kwanza nje ya duka ilikuwa nyumbani kwa kina Bi Rukia, vichochoro viwili kutoka kwetu. Alikuwa binti wa watu, ameposwa, na mchumba alikwishasema kwamba mkewe hataimba. Bi Rukia hakubishana naye. Alituma ujumbe kwa Fundi Omari kwamba anataka kurekodiwa nyimbo nne kabla ya harusi, basi. Tulikwenda baada ya sala ya alasiri. Wanaume tulikaa chumba cha nje, wanawake ndani, katikati pazia. Nyaya za maikrofoni tulizipitisha chini ya pazia, na shangazi mmoja aliziweka huko ndani kwa kuelekezwa: kushoto kidogo, bibi, juu kidogo, hapo, ahsante. Wapigaji wa fidla, udi, kodiani na ngoma ya dumbaki walikuwa upande wetu, wakimfuata mwimbaji wasiyemwona. Nilimsikiliza Bi Rukia saa nzima, masikio yangu yote mawili yamejaa yeye, na sikumwona hata kidole.

Fundi Omari hakuwa mtu wa kusifu, hata chakula cha mkewe hakukisifu. Siku ile alipozima deki hakuvua vifaa vya masikioni mpaka wapigaji wakadhani kuna kitu kimeharibika. Kanda aliyotumia ilikuwa ya kromu, ya bei, aliyoletewa na baharia kutoka Dubai. Alikuwa ameificha akingoja sauti inayoistahili.

Kesho yake Bi Rukia mwenyewe alikuja dukani na shangazi yake, amejifunika buibui.

"Fundi, hii ni amana," alisema. "Nyumba niendayo haina nafasi yake. Siku yangu ikifika ntakuya kuitukua. Au nikiwa sipo, mwanangu atakuya."

"Ataipata, inshallah," Fundi Omari alijibu. "Kwa mkono wangu, au kwa mkono wa huyu." Akaninyooshea kidole. Kisha akaifunga uzi mwekundu mbele ya macho yake, mafundo mawili.

Wakati ule taarabu ilikuwa ya kukaa. Watu walikaa kwenye viti, wakasikiliza ubeti, wakarudi nyumbani kugombana umemlenga nani. Mtunzi alificha neno ndani ya neno, na wanawake wa mji mzima walikuwa mahakimu. Nilikaa miaka miwili kabla sijaanza kuelewa kwa nini mama fulani alinunua kanda moja mara tatu na kuipeleka kwa jirani kila ilipokatika.

Vijana mmeniuliza mara nyingi kwa nini mtindo hufa. Huwa mnatarajia niseme ladha za watu hubadilika. Ladha ni mtumwa wa mambo mengine. Kikundi cha taarabu kilikuwa watu kumi na wawili, na watu kumi na wawili wanataka kuketi, kuandaliwa sahani kumi na mbili za biriani, na kusifiwa. Kikaja kinanda cha umeme. Mtu mmoja, meza moja, sahani moja, na ndani ya kinanda chake kuna fidla, kodiani na ngoma ambazo hazinuni. Mwenye harusi alifanya hesabu ya jikoni, si ya muziki. Wakati huohuo nyumba za Mji wa Kale ziligawanywa vyumba, nyua zikajengwa, pa kuweka viti mia pakawa hapapo. Harusi zikahamia kumbini, na ukumbini watu husimama. Watu wakisimama, maneno huanguka. Ubeti wa mafumbo hauchezeki. Waimbaji wakajua, wakaanza kusema moja kwa moja, jina la mtu na sahani yake na mume wake. Mji ukafurahi. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Sikulia wakati huo, msinidhanie mtakatifu. Duka lilijaa. Wasichana walipanga foleni mpaka nje wakitaka kanda za vijembe. Fundi Omari ndiye aliyeumia. Sukari ilikuwa imemla macho na mguu mmoja, akawa hatoki nyumbani, akaniachia funguo. Nilikwenda kumsalimu kila Jumapili baada ya kanisa. Aliniuliza jambo moja tu kila mara, "Nyuzi ziko?" Nami nikamjibu ziko.

Mwaka wa mwisho wa uhai wake, wiki mbili kabla ya Idi, tulikuwa na kanda ya mwimbaji mmoja wa vijembe ambayo mji mzima uliitaka. Tuliinakili mchana kutwa mpaka mama mwenyewe akachakaa, sauti ikaanza kuyumba. Nilihitaji kanda mama mpya, tena nzuri, na mwenye duka la jumla alisema mzigo wake haujatoka bandarini. Nilipita rafuni. Zote zenye vumbi nilikwishazitumia. Zilibaki za nyuzi, kumi na moja. Kati ya hizo, ya kromu ilikuwa moja.

Tulikuwa na desturi ya kusikiliza kanda kabla ya kuifuta, ili usifute kitu kwa makosa. Nilifuata desturi. Nilimsikiliza Bi Rukia upande wa kwanza na wa pili, nyimbo zote nne, na ninajua nilichokuwa nafanya. Nilijiambia kwamba muziki huu umekufa. Harusi ya mwisho ya aina hii sikumbuki ilikuwa lini. Mwenyewe ameolewa, ana nyumba yake, hajaleta salamu miaka yote. Nani ataiuliza? Nikakata uzi kwa wembe, nikaziba matundu kwa seloteepu, nikabonyeza. Mishale ya deki inayopima sauti ilicheza kama kawaida. Kufuta hakuna kelele yoyote, na dakika sitini baadaye nilikuwa na kanda mama mpya.

Iliuza mpaka Idi ya pili. Ramadhani iliyofuata niliweza kuandika jina langu juu ya ganda lake, nikaifuta nayo. Ngoma ikilia sana hupasuka, na ile ilipasuka upesi hata kwa mizani ya biashara yetu.

Jumapili iliyofuata siku niliyomfuta Bi Rukia, nilikwenda kumsalimu Fundi Omari. Akauliza, "Nyuzi ziko?" Nikamjibu ziko. Alifariki akiamini hivyo, na mimi nilibeba jeneza pamoja na wengine mpaka mlango wa makaburi, nikasimama nje na Wakristo wenzangu wawili.

Hapa ndipo nilipokosea, na ninaliandika wazi ili lisije likapambwa na mtu mwingine. Nilidhani mtindo ukifa, kila kilichokuwamo kimekufa nao. Kwetu Kaloleni nyimbo za mama yangu hazikurekodiwa na mtu, zilikufa na wenyewe, na hakuna aliyelaumiwa. Lakini kanda ya Bi Rukia haikuwa mtindo. Ilikuwa koo la mtu mmoja, na mwenye koo alikuwa hai.

Alikuja miaka mingi baadaye, asubuhi moja, nikiwa nafungua milango. Wanawake wawili wa buibui, mmoja mtu mzima, mmoja msichana wa kama miaka ishirini. Yule mkubwa alinisalimu, na sikusikia kitu zaidi ya upepo. Msichana akarudia kwa niaba yake.

"Mama akupa sabalkheri."

"Sabalkheri, bibi. Karibuni, kaeni."

Mama alimnong'oneza binti sikioni, kwa muda, na binti akasema kwa sauti, kama mtu anayesoma barua.

"Mama asema yeye ni Rukia wa nyimbo nne. Asema babangu amefariki, eda imekwisha yana. Leo amekuya kutukua amana yake."

Binti, aliyeitwa Mwanaisha, aliendelea kwa maneno yake mwenyewe.

"Ami, mimi simjui mamangu akiimba. Babangu hakupenda, na mama alimtii. Hata mtoto hakumbembeleza kwa wimbo. Mwaka jana madaktari walimpasua koo, na sauti ndiyo hiyo uisikiayo. Kanambia usilie, Mwana, sauti yangu iko kwa Fundi Omari, nimeiweka. Miezi minne na siku kumi za eda tunahisabu mimi naye. Nataka nimsikie mara moja tu."

Ningesema kweli wakati ule, ingekuwa aibu ya siku moja. Nilisema kanda iko, sanduku liko juu, ngazi imevunjika, waje Alhamisi. Alhamisi ya kwanza na ya pili nikasema deki imeharibika. Alhamisi ya tatu umeme ulikatika kweli, nikamshukuru Mungu kwa hilo, ona nilipofikia. Siku hiyo Bi Rukia alikuwa ameniletea bakuli la kaimati, moto, zimefunikwa kitambaa. Nilizipokea nikazila. Nimefanya mabaya mengine maishani, lakini zile kaimati ndizo zinazoniamsha usingizini.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilifika mwisho wiki ya nne. Palikuwa na mwimbaji mwingine wa zama zile, Bi Saada wa Majengo, jirani yangu mimi. Alisomeshwa kuimba pamoja na Bi Rukia kwa mwalimu mmoja, na nyimbo mbili kati ya zile nne aliziimba pia, tena kwa kundi lilelile. Yeye alikuwa amerekodi kwa kuuza. Alikuwa amekufa, hakuacha mtoto, na hakuna mtu aliyekuwa akiiulizia kanda yake. Nilikuwa na nakala nyumbani.

Niliinakili kwa uangalifu wote niliofundishwa. Mwanzoni mwa kanda mpigaji udi alikuwa akitaja jina la mwimbaji, nikalikata. Nikachukua ganda kuukuu, nikalipaka vumbi, nikafunga uzi mwekundu niliouchovya kwenye chai ili upauke. Nyimbo mbili zilizokosekana, ningesema zimeliwa na ukungu. Mtaniuliza, ulimdhania mama wa watu mjinga? Hapana. Nilitegemea jambo ambalo watu wa kazi yetu tu ndio hulitegemea. Kila niliyemrekodi, akisikia sauti yake kwenye spika mara ya kwanza, husema huyo si mimi. Mtu hajui sauti yake mwenyewe, huisikia kwa ndani. Na huyu alikuwa hajajisikia miaka zaidi ya ishirini. Nikaona atakubali.

Alhamisi ya nne walikaa kwenye benchi. Nikafungua fundo mbele yao, nikaweka kanda, nikabonyeza. Bi Saada akaanza kuimba.

Nilimtazama Bi Rukia mikononi, machoni nisingeweza. Mikono ilikuwa imelala magotini, na ubeti wa kwanza ulipoanza kidole kimoja kilikuwa kikipiga dumbaki. Kabla ya kibwagizo kidole kikasimama. Hakikusogea tena mpaka mwisho.

Mwanaisha alikuwa analia na kucheka pamoja. "Mama," alisema, "mama, ndiwe? Ndiwe huyu?"

Bi Rukia alimgeukia. Alimwangalia mwanawe muda mrefu, akamfuta uso kwa ncha ya mtandio. Kisha akasema, kwa ule upepo wake, na safari hii nilisikia bila kutafsiriwa.

"Ndimi."

Nikawapa kanda. Mwanaisha alitangulia mlangoni ameikumbata kifuani. Bi Rukia alibaki nyuma kidogo, akaniinamia juu ya kaunta.

"Saada aliimba vizuri," alininong'oneza. "Mungu amrehemu."

Akatoka. Hakurudi tena dukani, na mimi nilizunguka njia ndefu kila nilipokwenda sokoni ili nisipite mlangoni kwao. Alifariki miaka sita baadaye. Nilisimama nje ya makaburi vilevile.

Yaliyobaki mnayajua. Kanda zikaja zikashindwa na CD, CD ikashindwa na flashi, flashi ikashindwa na simu, na katika kila hatua waimbaji walidhani wao ndio wa mwisho. Vijembe vya kinanda, vilivyoiua taarabu ya kukaa, niliviona vikichekwa na watoto wa walewale wasichana wa foleni. Wao walitaka muziki wa Dar uliotengenezwa kwenye kompyuta, na wadogo zao sasa wanaupa mgongo huo nao. Sijapata kuona mtindo uliozikwa na watu walioupenda. Kila mara huzikwa na watoto wao, na watoto hawana habari kwamba kuna maiti. Duka la Fundi Omari siku hizi linauza vifuniko vya simu. Mimi nilihamia kwenu Tudor, nikawa mzee wa kuingiza kanda za watu kwenye kompyuta, kazi iliyonifaa, ingawa mlinipa kiti kibovu.

Kisha mkaanza kupenda vya zamani. Sikuamini. Fundi Omari alipoteza macho yake akipigana na mkwaruzo wa kanda, na leo ninyi mnauongeza kwa makusudi ili wimbo usikike mkongwe. Mwezi wangu wa mwisho kazini, Riziki, uliniletea simu yako. Ulikuwa umekuta wimbo, fidla na kodiani na sauti ya mwanamke, umewekwa mtandaoni na binti yake, na jina la Bi Rukia wa Kibokoni juu yake. Watu wengi walikuwa wameusikiliza na kuandika chini yake kwamba waimbaji kama huyu hawapo tena. Ulitaka kuuchukua ubeti wake uuingize kwenye wimbo mpya.

"Mzee Kazungu, huyu Bi Rukia ulimrekodi wewe mwenyewe, sivyo?"

Nikajibu ndiyo. Lilikuwa jibu la kweli, na ulikuwa uongo wangu wa mwisho kazini.

Sasa andika hivi. Sauti ile ni ya Bi Saada wa Majengo, aliyefariki bila mtoto, na ambaye nilimwibia jina. Sauti ya Bi Rukia haipo popote. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini sikuweza kukuandikia haya kabla ya kumwambia mwenye mama, kwa hiyo Jumanne iliyopita nilivaa kanzu yangu ya kanisani, shati jeupe yaani, nikaenda Kibokoni.

Mwanaisha ni mama wa watu sasa. Alinikaribisha barazani, akaniletea kahawa, akaniita ami. Nilimwambia yote kwa mpangilio kama nilivyowaambia ninyi: kromu, wembe, seloteepu, Alhamisi nne, Saada. Kahawa yake ilipoa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio na kwa matusi, na kama angenipiga ningeshukuru.

Alipofungua mdomo aliniuliza jambo ambalo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Ami, weye ulimsikia. Sauti ya mamangu ilikuwa vipi?"

"Ilikuwa nzuri," nikasema.

"Kila aliyekufa sauti yake nzuri. Nauliza ilikuwa vipi. Nene? Nyembamba? Ilikuwa kama hii yangu?"

Nikafumba macho. Niliiona ile siku yote. Niliona pazia la maua ya kijani, niliona shangazi akikohoa baada ya wimbo wa pili ikabidi turudie, nikamsikia kunguru juu ya bati, nikasikia pumzi ya kodiani iliyokuwa imetoboka upande mmoja. Mishale ya deki ilikuwa inacheza. Nyuma ya pazia, hapo sauti ilipotakiwa kuwa, hapakuwa na kitu. Nilingoja. Kila nilipoivuta ilikuja ya Bi Saada, au vijembe vya mwaka ule, au nyimbo za ofisini kwenu. Mimi ndiye mtu wa mwisho duniani aliyemsikiliza yule mwanamke kuanzia mwanzo hadi mwisho, mara mbili.

"Sikumbuki," nikamwambia.

Aliniangalia kwa macho ya mama yake. Hakukasirika, ningependa angekasirika.

"Basi hukuya kunipa kitu," alisema. "Umekuya kuninyang'anya nilichonacho." Akaitoa simu yake kwenye mfuko wa dera, akaifuta kioo kwa kiganja. "Mamangu alinambia ndiye. Alinambia na mato yake yako kwangu. Na mamangu hakuwa mrongo."

Akabonyeza. Fidla zikaingia, kisha kodiani. Mwanaisha aliegemea ukuta akafumba macho, midomo yake ikifuata maneno yote. Sikuweza kuondoka, si adabu kumwacha mtu katikati ya wimbo wa mama yake. Nikakiweka kikombe chini, nikakaa pale nikasikiliza mpaka Bi Saada alipomaliza.